Trela la kulalia linayumba ukifika kasi ya 80

Mkuu, acha kubadilisha matairi ukidhani ndiyo yanayoliyumbisha trela. Umesema ekseli umeiweka katikati kabisa ya fremu na jiko liko nyuma: uzito umekaa mkiani, na trela la hivyo hucheza kasi ikipanda.

Pima kwanza. Pakia vyote kama siku ya safari, mpaka gesi na maji, egesha pasipo mteremko, kinga magurudumu kwa vigingi, kisha kalisha mkono wa trela (chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari) juu ya mizani ya kupimia watu, kwa kimo kilekile cha ndoano ya gari. Trela la kilo 500 lisome kilo 50 hadi 75, bila kuzidi kikomo cha ndoano yako.

Tuseme umesoma 25, na kutoka ndoano hadi ekseli ni sentimita 250. Tenki la lita 40 lililo mita 1 nyuma ya ekseli linaunyang'anya mkono kilo 16 (40 × 1 ÷ 2.5). Usilipeleke mbele kabisa, maana maji yakiisha mkono unakuwa mwepesi tena. Liweke juu ya ekseli. Sasa unasoma 41. Rudisha ekseli nyuma sentimita 10 na utakaribia 59.

Kabla ya kuchomelea vishikio vya springi mahali papya pa ekseli, chomoa betri, halafu pima kutoka ncha ya mkono hadi kila mwisho wa ekseli. Vipimo viwili visipolingana, trela litakwenda upande na kula matairi. Bomba la ekseli lenyewe usiliguse na moto, hupinda.