Virusi na saratani za njia ya mkojo: majibu kwa wasomaji

Tangu nilipoandika kuhusu saratani zinazotokana na maambukizi, nimepokea maswali mengi kutoka kwa wanaume na wake zao kuhusu viungo ambavyo kwetu havitajwi mezani: uume, korodani, tezi dume, kibofu na figo. Baadhi ya waandishi wamesema wanauliza kwa niaba ya rafiki. Nawaelewa, na ninawajibu kama wangeuliza kwa niaba yao wenyewe, kwa sababu mgonjwa ni yule yule.

Mume wangu amekutwa na saratani ya uume, na daktari alitaja virusi. Je, saratani hiyo inaambukiza? Na je, ina maana kwamba alitoka nje ya ndoa?

Pole sana, mama. Saratani yenyewe haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kulala naye, kwa kufua nguo zake wala kwa kumsafisha kidonda. Kinachoambukiza ni kirusi cha papiloma, kinachojulikana kwa kifupi kama HPV, ambacho huenea kwa kugusana kwa ngozi wakati wa tendo la ndoa. Mwaka 1983 kundi la watafiti wa Kijerumani lililoongozwa na Harald zur Hausen liliitambua aina ya 16 ya kirusi hiki ndani ya saratani ya shingo ya kizazi, na mwaka 2008 mtafiti huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Aina hiyo hiyo ya 16 ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi katika saratani za uume zinazohusishwa na virusi, na hizo ni karibu nusu ya saratani zote za kiungo hicho.

Jinsi kinavyofanya kazi inaeleweka vizuri. Kila seli ya mwili ina walinzi wanaoizuia isigawanyike ovyo, na wawili kati ya hao ni protini zinazoitwa p53 na Rb. HPV hutengeneza protini mbili za kwake, E6 na E7: ya kwanza huifanya p53 ivunjwevunjwe, na ya pili huing'ang'ania Rb mpaka ishindwe kufanya kazi yake. Seli iliyopoteza walinzi hao hugawanyika bila kujirekebisha, na makosa ya vinasaba hurundikana mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, watu wengi wanaoambukizwa HPV hukiondoa kwa kinga ya mwili ndani ya mwaka mmoja au miwili bila kujua kwamba waliwahi kuwa nacho. Saratani huwapata wachache ambao kirusi kimekaa kwao kwa miaka mingi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Saratani inayoonekana leo inaweza kuwa imeanzia kwenye maambukizi ya ujana wake, kabla hamjajuana, na nusu nyingine ya saratani hizi haina HPV kabisa. Hiyo nyingine hutokana na govi lisilofunuka, magonjwa ya ngozi ya muda mrefu na uvutaji wa sigara. Kwa hiyo majibu ya maabara hayathibitishi kwamba mume wako alitoka nje ya ndoa, na ninakusihi usiyatumie hivyo wakati anapokuhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Jambo la kufanya ni wewe mwenyewe kwenda kupimwa shingo ya kizazi, ama kwa kupakwa siki au kwa kipimo cha HPV chenyewe.

Nina chunjua sehemu za siri kwa miezi mitatu. Je, zitageuka kuwa saratani?

Chunjua za sehemu za siri husababishwa na HPV pia, lakini takriban asilimia 90 hutokana na aina ya 6 na ya 11, ambazo ni nadra sana kuleta saratani. Nenda zikatibiwe, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na aina zaidi ya moja, na kwa sababu kuna vidonda vinavyofanana na chunjua kwa macho ambavyo si chunjua.

Niruhusu nieleze kwa nini ninasisitiza. Mzee mmoja mvuvi aliletwa kliniki na mpwa wake. Nilipomwamkia alijibu, "Marahaba mwanangu, lakini huyu kijana atoke kwanza." Mlango ulipofungwa alifungua msuli taratibu. Alikuwa amejifunga kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, kimelowa, na harufu yake ilijaza chumba. Chini yake kidonda kilikuwa kimekula nusu ya kichwa cha uume. Kilianza kama kipele miezi kumi na minne kabla, akakidhania ni kisonono, akanunua vidonge dukani mara tatu, kisha akatumia dawa za kupaka alizoletewa na jirani. Hakumwonyesha hata mkewe. Alihamia kulala sebuleni akisingizia joto. Nilipopapasa kinena nilikuta mitoki migumu pande zote mbili, kila mmoja ukubwa wa korosho, na nilijua kabla ya kukata kinyama cha kupima kwamba ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Kipele kile kingeondolewa pamoja na ngozi kidogo tu laiti angekuja mapema. Yeye ilibidi akatwe sehemu kubwa ya uume na kufanyiwa upasuaji wa pili kwenye kinena.

Kwa hiyo kidonda, kipele, wekundu au ugumu wowote kwenye uume ambao haujapona ndani ya wiki nne, hata kama hauumi, unatakiwa kuonekana na daktari na kukatwa kipande kwa ajili ya maabara. Usiridhike na mtu anayekupa vidonge mara ya pili bila kukutazama.

Je, tohara inamkinga mwanamume na saratani hii?

Kwa kiasi kikubwa, hasa ikifanywa utotoni. Govi lisilofunuka huhifadhi uchafu na kuleta uvimbe wa kudumu, na hiyo ni njia mojawapo kuu ya saratani ya uume, ndiyo maana ugonjwa huu ni adimu katika jamii ambazo watoto wao huingia jandoni mapema. Tohara ya ukubwani haina nguvu ile ile dhidi ya saratani, kwa kuwa madhara ya miaka yameshatokea, ingawa bado ina faida. Majaribio matatu yaliyofanyika Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005 na 2007, yalionyesha kwamba hupunguza maambukizi ya VVU kwa mwanamume kwa takriban asilimia 60. Rakai waliendelea kuangalia HPV, wakakuta aina zake za hatari zimepungua kwa karibu asilimia 35 kwa wanaume waliotahiriwa, na kwa asilimia 28 kwa wake zao. Hizo ni namba za kupungua, na aliyetahiriwa anaweza kabisa kuambukizwa.

Nilisoma kwamba kuna kirusi kinacholeta saratani ya tezi dume na kwamba madaktari wanakificha. Ukweli ni upi?

Hakuna kirusi kilichothibitishwa kuleta saratani ya tezi dume. Ninadhani ulichosoma ni mabaki ya habari ya XMRV, nayo inastahili kusimuliwa yote, kwa sababu inafundisha tofauti kati ya kukuta kirusi mahali na kuthibitisha kwamba ndicho kilichofanya uharibifu.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamekuta kirusi kipya, jamaa wa virusi vya panya, ndani ya tezi dume zenye saratani. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa: kama ni kirusi, basi chanjo inawezekana. Maabara nyingine zikaanza kukitafuta. Baadhi zilikipata, nyingi hazikukipata, na waliokuwa wakikipata walikuta kinafanana mno kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, jambo lisilo la kawaida kwa kirusi kinachotembea kati ya watu. Mwaka 2011 chanzo kikajulikana. Katika miaka ya 1990 saratani ya tezi dume ya mgonjwa mmoja ilipandikizwa ndani ya panya wa maabara ili ikuzwe kwa ajili ya utafiti, na humo vipande viwili vya vinasaba vya virusi vya panya vikaungana na kuzaa XMRV. Seli zilizotokana na saratani hiyo zilisambazwa katika maabara nyingi, zikachafua sampuli. Hakuna mwanamume aliyekuwa ameambukizwa. Mwaka 2012 makala ya kwanza iliondolewa na jarida lililoichapisha, na baadhi ya watafiti wale wale walishiriki kuchunguza na kueleza jinsi sampuli zao zilivyochafuka. Hakuna kilichofichwa hapo. Ninawaheshimu kwa hilo.

HPV nacho kimetafutwa katika tezi dume, na matokeo yanapingana. Mambo tunayoyajua kwa hakika ni umri, kuwa na baba au ndugu aliyeugua, asili ya Kiafrika na baadhi ya vinasaba vya kurithi kama BRCA2. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania na Kenya. Ukiwa na miaka 45 na baba yako aliugua, zungumza na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA, na achana na habari za kirusi.

Mimi ni mwenyeji wa Pemba. Nakojoa damu, hasa mwishoni mwa mkojo. Je, inaweza kuwa saratani ya virusi?

Kwa mtu wa Pemba, dhana yangu ya kwanza ni kichocho, na kichocho husababishwa na minyoo. Konokono wa maji matamu, katika mabwawa na vijito vinavyotembea polepole, huwatoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu anayefua, anayeoga au anayelima mpunga. Minyoo waliokomaa hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai yenye mwiba, na mayai yanayonasa katika ukuta wa kibofu huleta uvimbe unaoweza kudumu kwa miongo. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwaweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya kibofu.

Virusi havijathibitishwa hivyo kwa kibofu cha mtu wa kawaida. Sigara ndiyo inayoongoza duniani, ikichangia karibu nusu ya saratani za kibofu. Peleka mkojo ukapimwe mayai, meza prazikwanteli ukikutwa nayo, na damu ikiendelea baada ya matibabu, au kama umevuka miaka 40, omba upimwe kibofu kwa kamera. Damu inayotoka bila maumivu ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu watu huisubiri iondoke yenyewe, na kweli huondoka kwa muda, kisha hurudi uvimbe ukiwa mkubwa.

Kaka yangu alipandikizwa figo. Ameambiwa ana kirusi cha BK. Hiki ni nini?

Ni kirusi ambacho huenda hata wewe unacho. Kiligunduliwa mwaka 1971 katika mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo, kikaitwa kwa herufi za mwanzo za jina lake. Watu wengi hukipata utotoni, kikajificha katika figo na njia ya mkojo bila kudhuru. Mtu anapomeza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo mpya, kirusi huamka na kinaweza kuiharibu figo hiyo. Katika baadhi ya wagonjwa hao kimekutwa pia ndani ya saratani za kibofu, kikiwa kimejipachika katika vinasaba vya seli, na ushahidi huo kwa sasa unatosha kukiita kisababishi kinachowezekana tu. Kaka yako asiache dawa kwa hofu, maana atapoteza figo. Madaktari wake watapima kiasi cha kirusi katika damu na kupunguza dozi hatua kwa hatua, naye awaambie mara moja akiona damu kwenye mkojo.

Ninaishi na VVU. Je, niko hatarini zaidi?

Kwa saratani ya uume, ndiyo, mara kadhaa zaidi, kwa sababu kinga dhaifu hushindwa kuiondoa HPV. Saratani ya Kaposi, inayotokana na kirusi cha HHV-8, nayo inaweza kutokea kwenye uume kama doa la zambarau. VVU havijaonekana kuongeza saratani ya tezi dume. Meza dawa zako bila kuruka, na jikague ukioga.

Wasichana wanachanjwa HPV shuleni. Mwanangu wa kiume ana miaka 12. Je, naye apate?

Chanjo inafanya kazi kwa wavulana. Katika jaribio la kimataifa la vijana wa kiume wapatao 4,000, lililochapishwa mwaka 2011, ilizuia takriban asilimia 90 ya chunjua na vidonda vya awali vilivyotokana na aina zilizomo katika chanjo, kwa wale ambao hawakuwa wameambukizwa kabla. Marekani, Australia na Uingereza huwachanja wavulana. Kwetu, Rwanda ilianza na wasichana mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019, na mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Jaribio lililofanyika Mwanza kwa wasichana 930 lilisaidia kuonyesha kwamba dozi moja huamsha kinga ya kutosha. Mipango hiyo imewalenga wasichana kwa sababu saratani ya shingo ya kizazi inaua wengi zaidi, na kwa dozi zinazopatikana ninaona ni uamuzi wa haki.

Kama una uwezo wa kuilipia katika kituo binafsi, mchanje kijana wako sasa, kabla hajaanza maisha ya ndoa. Kama huna, hakikisha dada yake amepata ya shuleni, kwa maana kila msichana aliyechanjwa ni mtu mmoja pungufu wa kumwambukiza mvulana. Na huyo wa miaka 12, baba yake amwambie kwa maneno ya wazi kwamba akiona kidonda huko chini, asimfiche.