Usilipie hiyo simu kabla hujajua ilizinduliwa lini

Acha kwanza. Kama hela bado iko mfukoni, ibaki huko huko.

Nimesoma swali lako mara mbili. Unataka simu ya bei ndogo ikae miaka mitano, umebakiza mbili, na moyo umeshaegemea ile ya "RAM 16, kamera megapikseli 108, betri 6000" kwa sababu ile nyingine, kwa maneno yako, "haina mvuto". Halafu katikati ya maelezo, kama mtu anayepita tu, umeandika kwamba inakuja na Android 12 "ila siyo ishu, itajiapdeti yenyewe".

Itajiapdeti na nani, mkuu?

Hiyo sentensi yako niliitamka mimi Juni 2021, neno kwa neno, nikiwa nimekumbatia boksi jipya kama mtoto wa kwanza. Simu yangu ilikuja na Android 9. Android 9 ilitoka Agosti 2018. Yaani siku nachana nailoni, Android 10 imeshatoka, 11 imeshatoka, 12 iko jikoni. Mkononi nina kitu kinachonukia kiwanda, ndani yake mfumo umeshaota mvi. Sikujua. Nilichojua ni kwamba ina kamera nne nyuma. Moja kati ya hizo nne nilikuja kugundua haina kazi yoyote: ukiiziba kwa kidole picha inatoka vile vile.

Na usidhani sikuonywa. Jioni ile ile niliingia kwenye mipangilio, "Kuhusu simu", nikaona mstari wa sasisho la usalama umeandikwa Desemba 2019. Nikautazama. Nikajiambia, aa, hii itakuwa tarehe simu ilipotengenezwa. Nikafunga, nikaenda kuchagua picha ya kuweka kwenye kioo.

Ule mstari ndio ulikuwa unaniambia kila kitu. Maana yake ni kwamba kiraka cha mwisho cha usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya mfumo, kilichoingia kwenye ile simu kilikuwa cha Desemba 2019. Google ilianza 2015 kutoa viraka kila mwezi, lakini kiraka hakiruki chenyewe kutoka Google hadi kwako. Lazima kampuni iliyotengeneza simu yako ikichukue, ikipime na chipu iliyomo, ikitume kwa modeli yako. Hiyo ni kazi, na kazi ni gharama, na simu ya bei chee haikuachia kampuni faida ya kugharamia kazi hiyo miaka na miaka. Kwa hiyo wanauza, wanatuma apdeti mbili tatu za kuzugia, wanahamia modeli inayofuata. Yangu walikuwa wameshaihama mwaka mmoja na nusu kabla sijainunua.

Kilichoniuma zaidi ni kitufe cha kutafuta masasisho. Kila nikikumbuka nilikuwa nakibonyeza. Duara linazunguka, linazunguka, halafu linaniambia: mfumo wako umesasishwa. Moyo wangu kwatu! Nilikaa miaka miwili na nusu nikisoma hayo maneno nikidhani ni habari njema. Kumbe maana yake ni "hatuna kipya cha kukupa na hatutakuwa nacho". Ni kama kumuuliza marehemu hali, ukaambiwa hana malalamiko.

Mwanzoni mwa 2022 Google nayo ikaacha kuandaa viraka vya Android 9. Hapo hata kampuni ingezinduka usingizini na kutaka kunihudumia, hakukuwa na cha kuchukua. Miezi saba tangu ninunue. Na mimi ndiyo kwanza nazidi kuipenda. Betri ikachoka, nikabadilisha. Kioo kikapasuka, nikabadilisha. Kila nikilipa fundi najisifu, "unaona, mimi situpi simu ovyo, mimi natunza." Nilikuwa nampeleka maiti saluni.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa 2023. Niko mbele ya keshia, vitu vimeshapigwa hesabu, foleni nyuma yangu mpaka mlangoni. Nafungua programu ya benki. Haifunguki kama kawaida, inaleta ukurasa mweupe na mistari miwili: toleo la mfumo wa kifaa chako halitumiki tena, tafadhali sasisha. Nikaenda kusasisha. Mfumo wako umesasishwa. Nikarudi benki. Tafadhali sasisha. Nikarudi kwenye mipangilio. Umesasishwa. Nikawa nazunguka kati ya hizo mbili kama mpira wa wavu, keshia ananiangalia, mama mmoja nyuma anaguna. Niliacha vitu kaunta nikaondoka naangalia chini.

Mtu mwenye akili angesema basi, inatosha. Mimi nikafanya kosa ambalo ndilo lililonila kuliko yote, na ndilo linalonifanya niandike gazeti hili badala ya kulala. Nikasema hii simu nimeshaiwekea betri, nimeshaiwekea kioo, siiachi. Nikatafuta fundi wa kuflashi, yaani wa kupakia mfumo mwingine kwenye simu. Akaniambia kuna Android 11 ya kuchongwa na wapenzi wa mambo hayo huko mtandaoni, inakubali modeli yangu, ni suala la nusu saa. Uongo hakusema. Ila kuna mambo mawili hakuyasema na mimi sikuyauliza.

La kwanza: ili uweke mfumo wa namna hiyo lazima ufungue kufuli la kuwashia simu, mafundi wanaiita butiloda, na ukifungua, simu inajifuta yote. Hilo ni jambo la kawaida, limewekwa makusudi ili mwizi asipite njia hiyo kuchukua vitu vyako. Kwenye ile simu nilikuwa na picha za miaka miwili ambazo sikuwahi kuzipeleka popote, kwa sababu kuhifadhi nakala ni jambo la wiki ijayo, siku zote wiki ijayo. Nilikuwa na sauti za mzee wangu alizonitumia, tena nyingine nilizishusha kabisa nikaziweka kwenye folda yake ili zisipotee. Nimekaa pembeni ya fundi naangalia mstari wa kijani unasogea, nikidhani unaongeza kitu. Ulikuwa unapunguza.

La pili: programu nyingi za benki huwa zinakagua kama kufuli hilo limefunguliwa. Likiwa wazi zinaihesabu simu kuwa si ya kuaminika, zinagoma. Kwa hiyo nikawasha simu, Android 11 inang'aa, haraka haraka nikaweka programu ya benki, na ikanikatalia tena. Kwa sababu mpya! Nilifuta sauti ya mzee wangu ili nikataliwe kwa maneno tofauti.

Sasa nani alinipeleka kule. Nina orodha, ila nitawataja kwa kazi zao tu. Kuna jamaa wa video aliyeishika ile simu siku tatu, tatu tu, akatoa dakika kumi na mbili za sifa kedekede na mwishoni akasema "hii itakutoa miaka mitano bila presha". Miaka mitano ameijuaje kwa siku tatu? Ameipima kwa nini, kwa harufu? Dakika kumi na mbili za kufungua boksi, kupiga picha maua, kurusha mpira kwenye gemu, na hata sekunde moja hakufungua ule ukurasa wa "Kuhusu simu". Kuna muuzaji aliyeniambia "hii ndiyo inayotoka sana". Bila shaka ilikuwa inatoka, walikuwa wanaitoa stoo. Na kuna walioandika boksi: RAM kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, ahadi ya apdeti hakuna hata kwa herufi za sisimizi. Mimi nimesamehe wengi maishani. Jamaa wa video bado.

Kwa hiyo sikia sheria yangu, ninayo moja tu. Tafuta mwezi na mwaka modeli hiyo hasa ilipozinduliwa. Ongeza miaka ya apdeti za usalama ambayo kampuni imeahidi kwa maandishi kwenye tovuti yake yenyewe. Toa tarehe ya leo. Kinachobaki ndio umri wa simu unayonunua. Miaka haianzi siku unalipa, inaanza siku simu ilipotoka, na ikikaa kwenye rafu miaka miwili basi miwili imeliwa na rafu.

Mfano wa kweli. Samsung Galaxy A16 ilitoka mwishoni mwa 2024, ni simu ya daraja la chini kwa bei, na iliahidiwa miaka 6 ya apdeti za usalama. Inaishia 2030. Ukiinunua 2025 una mitano. Ukiinunua 2027, ikiwa mpya vile vile na nailoni yake, una mitatu. Simu ile ile, boksi lile lile. Aliyeitangulia, A15, aliahidiwa mitano ya usalama, kwa hiyo namba moja tu kwenye jina imebadilisha mwaka mzima. Sikulazimishi kununua Samsung, usije ukasema nimelipwa. Nakuonyesha hesabu inavyokwenda. Hata simu ya bei ya juu iliyotumika inaingia kwenye hesabu hiyo hiyo: Pixel 8 ya Google ilitoka Oktoba 2023 na ahadi ya miaka 7, kwa hiyo iliyotumika vizuri inaweza kuizika simu mpya uliyoichagua wewe. Betri yake tu ndiyo utaikagua, na betri inabadilishwa.

Hiyo ya kwako, kama ilizaliwa na Android 12, piga hesabu mwenyewe. Android 13 ilitoka Agosti 2022. Tuseme ilizinduliwa 2022 na iliahidiwa miaka mitatu, na hapo nimekuwa mkarimu, maana zipo ambazo hazikuahidiwa hata siku moja. Mitatu tangu 2022 ni 2025. Unataka kununua simu iliyokwisha ukae nayo mitano.

Na ukienda kusoma ahadi, soma kama unasoma mkataba wa nyumba. "Matoleo mapya ya Android" ni kitu kimoja na "miaka ya viraka vya usalama" ni kingine, wanapenda kutangaza namba iliyo kubwa. "Hadi miaka minne" siyo miaka minne. Halafu kuna majina pacha: jina moja lina ya 4G na ya 5G, ndani ni simu mbili tofauti zenye chipu tofauti, na ahadi zinaweza kutofautiana pia. Usitafute kwa jina la matangazo, tafuta kwa namba ya modeli iliyoko kwenye stika ya boksi. Ukikosa ahadi yoyote iliyoandikwa, ihesabu sifuri. Muuzaji akikwambia "hizi huwa zinapata", mwombe akuandikie kwenye risiti uone atakavyoanza kutafuta kalamu.

Hiyo RAM 16, yaani nafasi ambayo simu inafanyia kazi, nisiisahau. Ni 8 jumlisha 8. Nane za kweli, nane za kuazima kutoka kwenye hifadhi ya simu. Wanachukua sehemu ya uhifadhi wanaiita RAM, wakati uhifadhi una kasi ndogo mno ukilinganisha na RAM. Simu ya namna hiyo ikiwa na uhifadhi wa eMMC (aina ya polepole) badala ya UFS (aina ya kasi), kile cha kuazima kinaweza kuifanya ikae inaganda badala ya kukimbia. Tena uhifadhi wenyewe unachakaa kwa kuandikwa andikwa. Kizime tu hicho kipengele. Na usinunue yenye uhifadhi chini ya GB 128, kwa sababu mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, na simu iliyojaa mpaka shingoni inakuwa nzito hata kama prosesa yake ni nzuri.

Uliuliza kingine nini? Kamera. Zote mbili mchana zinatosha, usiku zote mbili zinalia, megapikseli 108 hazitakusaidia gizani. Chaji ya haraka nadhani nayo uliuliza, wengine watakujibu, mimi saa hizi macho yameshachoka.

Fanya hivi: geuza maboksi yote mawili, nakili namba ya modeli kutoka kwenye stika, siyo jina, NAMBA, uiweke hapa. Kama ile "isiyo na mvuto" ilitoka mwaka huu na ina ahadi iliyoandikwa, nitakuambia ulipe leo hii. Na kama bado una simu yako ya zamani, kabla ya kufanya lolote nayo, hamisha sauti na picha za wazazi wako usiku huu huu.