Cheti cha ndoa ninacho, mbona ukaazi wa kudumu sipewi?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mwalimu wa chekechea hapa Uyole, mwaka jana nilifunga ndoa kanisani na mume wangu ambae kwao ni Isle of Man, alikuja Rungwe kufunga mashine za kupanga parachichi ndo tukajuana. Mkataba umeisha karudi kwao na anataka nimfate. Nilijua ukishakua mke wa mtu unapewa ukaazi wa kudumu hapohapo, sasa nasikia mpaka miaka 5. Rafiki yake anasema niingie na viza ya matembezi alafu tubadilishie hukohuko, ni kweli? Alafu pasipoti na cheti cha kuzaliwa vinasema Tumpe ila cheti cha ndoa mchungaji aliandika Neema, jina la ubatizo. Na baba ananiuliza shamba la migomba alilonigawia Tukuyu litakuaje. Ndaga fijo. (Msomaji, Uyole)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya ndoa. Nianze na huyo rafiki wa mume wako, maana ushauri wake ndo utakaokuumiza haraka kuliko vyote. Usiende na viza ya matembezi. Mgeni wa matembezi haruhusiwi kubadilisha akawa mke akiwa ndani, utaambiwa urudi uombee nyumbani, na pale mpakani ukiulizwa umekuja kufanya nini ukajibu matembezi huku sandukuni umebeba mpaka vyeti vya shule, hiyo inaandikwa kama umedanganya na inakufata kwenye kila fomu utakayojaza baadae. Omba viza ya mke ukiwa hapahapa Tanzania, hata kama mtakaa mbali miezi kadhaa, najua inauma.

Sasa hicho kisiwa. Isle of Man iko baharini katikati ya Uingereza na Ireland, ila sio sehemu ya Uingereza, wana bunge lao linaitwa Tynwald na kanuni zao za uhamiaji, japo zinafanana sana na za Uingereza na maombi yenyewe unayajazia kwenye mfumo uleule wa mtandaoni wa viza za Uingereza. Kwaiyo ukifika kwenye sehemu ya kuchagua unakoenda uwe makini, wewe unaenda Isle of Man, sio London, na nia yenu iwe kweli kuishi kisiwani. Ni padogo mwanangu, sensa ya 2021 ilihesabu watu elfu 84 hivi, wakati jiji letu la Mbeya peke yake lina zaidi ya laki 5.

Kuhusu hiyo miaka 5 umesikia sawa. Kwanza unapewa ruhusa ya muda, kama miaka 2 na nusu na ushee, inakaribia kuisha unaomba kuongezewa, na ukitimiza miaka 5 kwenye njia hiyo ya mke ndo unaomba ukaazi wa kudumu. Kila hatua wanaangalia mambo yaleyale: ndoa ni ya kweli na bado ipo, mnaishi pamoja, kipato kinatosha bila kutegemea msaada wa serikali, na Kiingereza chako. Kiingereza cha kuanzia ni kile cha chini kabisa, A1, kuongea na kusikiliza tu, ila mtihani lazima uwe wa wale waliokubaliwa na uhamiaji. Mwishoni kinapanda mpaka B1, na kuna mtihani mwingine wa maisha ya huko. Mwalimu kama wewe hutashindwa. Pia sisi Watanzania tunapimwa kifua kikuu kabla ya viza ya muda mrefu, na cheti chake kinadumu miezi 6, kwaiyo usikimbilie kupima kabla karatasi nyingine hazijakaa sawa.

Na karatasi yako ambayo haijakaa sawa ni hiyo ya jina. Kwetu huku tumezoea, bibi anakuita Tumpe, kanisani Neema, na kila mtu anajua ni wewe. Afisa aliekaa mezani na faili lako hajui, yeye anaona wanawake wawili, mmoja ana pasipoti na mwingine ana mume. Nenda kwa wakili akuandalie kiapo kwamba Tumpe na Neema ni mtu mmoja, na upite RITA, ofisi ya serikali ya usajili wa vizazi na ndoa, uulizie kurekebisha cheti chenyewe cha ndoa. Alafu hakikisha unachopeleka ni cheti cha ndoa cha serikali chenye namba, sio kile kizuri cha kanisa chenye picha ya pete na njiwa mlichokiweka kwenye fremu. Hilo lifanye wiki hii.

Nikwambie na la mdogo wangu, na yeye alimfata mume ng'ambo. Miaka ya kwanza umeme, maji, kodi ya nyumba, vyote vilikua jina la mume, yeye anapika analea hana hata barua moja yenye jina lake. Ilipofika kuongeza muda wakatafuta ushahidi kwamba wanaishi wote, wakakaa sebuleni usiku mzima wamemwaga boksi la viatu chini, risiti za sokoni, kadi za krismasi, kadi ya kliniki ya mtoto, na kilichowaokoa ni hiyo kadi ya kliniki maana ilikua na jina lake na anuani ya nyumba. Sitaki yakukute. Wiki ya kwanza tu jina lako liingie benki, kwa daktari, kwenye mkataba wa nyumba, na kila bahasha inayokuja na jina lako na tarehe usiitupe. Hata sasaivi ambapo mko mbali tunza meseji zenu, miamala ya hela anazokutumia, picha za harusi ambazo wazazi wanaonekana.

Kuhusu kazi, kisiwa kina utaratibu wake wa kibali cha kazi ambao ni kitu tofauti na viza, kwaiyo mume aulizie mapema kule kama mke wake anakihitaji, usije ukapata ajira ya chekechea ukakwama hapo.

Sasa baba. Mwambie atulie. Ukaazi wa kudumu haukuondolei Utanzania, unabaki raia na shamba lako. Kinachoondoa ni kuchukua uraia wa Uingereza, maana watu wa kisiwani nao uraia wao ni huohuo, ambao ukishapata ukaazi utaruhusiwa kuuomba, na sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiacha uraia humiliki tena ardhi kama raia. Serikali imeleta hadhi maalum kwa diaspora, ila hadhi hiyo sio uraia, kwaiyo siku wazo la pasipoti nyingine likija kaa na mzee kwanza mlijadili hilo shamba kabla hujasaini kitu.

Ukipata miadi ya alama za vidole Dar niandikie. Na kwenye basi vyeti usiviweke kwenye begi la kwenye buti, kaa navyo mapajani mpaka ufike.