MASWALI YA WASOMAJI: Mu Sholay, akteri ni Dharmendra ao ni Amitabh?

Barua mwezi huu ni za filme za Kihindi tupu, zote juu ya Sholay ya mwaka 1975 na wacheza sinema wake wawili, Dharmendra na Amitabh Bachchan, sijui nani amewaambia. (Akteri kwetu njo ule shujaa mukubwa wa filme.) Ya kwanza ni ndefu na jibu lake litakuwa refu zaidi, zile mbili za mwisho nitazipitia haraka.

SWALI: Jambo sana yaya. Mimi ni binti wa Kadutu, hapa Bukavu, na ninakuandikia juu ya papa wangu. Papa ni mzee sasa, kazi yake ilikuwa kushona, na tangu utoto wetu mu salo haijawahi kuwa foto ya rais yeyote, iko foto ya Dharmendra, aliikata ku gazeti ya zamani akaiweka mu kadre, na kila mugeni lazima aulizwe kama anamujua huyu. Sasa wadogo zangu wanaume wanamuchokoza, eti papa, Dharmendra wako ilikuwa misuli na kelele tu, akteri wa Sholay ni Amitabh, yako ilikuwa rafiki ya akteri. Papa anakasirika vibaya! Anasema akteri hafi, Amitabh alikufa mu ile filme, basi hakuwa akteri, kesi imekwisha. Tena mwezi wa kumi na moja 2025 tulisikia Dharmendra amekufa, papa akalia, kiisha wakasema hapana iko muzima, papa akacheka watu wote, kiisha wakasema tena amekufa na papa akakataa kusadiki mpaka leo. Naomba unijibu: ni kweli alikufa? Akteri ni nani? Na nikitaka kumuwekea papa filme zingine ku flashi nichukue gani, ju Sholay tumechoka nayo, hata majirani wanajua itafika wapi. — Binti ya Fundi, Kadutu

JIBU: Dada, kwanza nisalimie papa sana, na umuambie polepole, ju ni kweli. Dharmendra alikufa tarehe 24 Novemba 2025 kule Mumbai, alibakiza wiki mbili tu atimize miaka 90, alizaliwa 8 Desemba 1935 mu kijiji cha Nasrali, Punjab, baba yake alikuwa mwalimu. Na papa hakukosea kuwa na mashaka. Karibu wiki mbili mbele ya hapo vyombo vya habari vilishamuzika angali anapumua, mpaka bibi yake Hema Malini na binti yao Esha wakatoka hadharani kuwagombeza, kwa hiyo mutu aliyedanganywa mara ya kwanza akikataa ya pili mimi siwezi kumulaumu.

Sasa tuje ku kesi. Sheria ya papa sisi wote tuliokalia mabenchi ya vidyo tunaijua, akteri hafi, shefu wa mabandi anakufa mwisho, na bibi mzuri anaenda na akteri. Tukihukumu kwa sheria hiyo papa ameshinda bila hata mashahidi: Jai, njo Amitabh, anakufa, na Veeru, njo Dharmendra, anapanda treni mwishoni anamukuta Basanti, mupenzi wake, ndani anamungojea. Tena ongeza hii, mwaka 1975 jina kubwa kati ya hao wawili lilikuwa la Dharmendra. Amitabh alikuwa ndiyo anapanda, alishafanya Zanjeer mwaka 1973 na Deewaar mwanzo wa 1975, lakini hata hiyo Zanjeer ilimufikia ju Dharmendra, aliyeitwa mbele, hakuifanya. Waambie wadogo zako hiyo, na uangalie sura zao.

Lakini mimi sitamupa papa ushindi kwa sheria ya kufa na kupona, ju hiyo sheria itamugeuka. Iko filme moja ya Dharmendra ya mwaka 1969, Satyakam, ya mwongozaji Hrishikesh Mukherjee, na mule Dharmendra anakufa. Anakufa maskini. Anacheza injenyeri ambaye hataki rushwa, hataki hata ile ndogo ya kufunga macho, kila kazi anagombana na wakubwa anafukuzwa, anahama na bibi yake toka mji hadi mji. Mwisho iko kitandani, ugonjwa umemumaliza, na kuna karatasi moja ya udanganyifu ambayo akitia sinyatiri bibi yake atabaki na kitu cha kula, na huyu mutu aliyekataa maisha yake yote anatia sinyatiri, kwa ajili ya bibi. Bibi, Sharmila Tagore, anaichukua anaipasua. Angalia uso wa Dharmendra pale, dada, angalia vizuri, hakuna ngumi hapo wala farasi, ni mutu amelala anatabasamu kidogo ju bibi yake amemuokoa. Nani kati yetu hapa Bukavu hajui injenyeri wa namna hiyo, ao hajaambiwa asiwe namna hiyo? Hiyo njo ya kwanza ya kuweka ku flashi. Ukiulizwa akteri ni nani mule, na amekufa, papa atasema nini?

Kwa hiyo mimi naangalia kazi, siangalii nani amebaki hai. Na mu Sholay kazi ya Dharmendra watu wanaidharau ju inachekesha. Ile ya tanki la maji mnaijua: Veeru amelewa, amepanda juu kabisa na chupa mkononi, anawapigia kelele watu wa kijiji kwamba atajirusha kama shangazi ya Basanti hatakubali ndoa. Kulewa mu sinema kila mutu anaweza, unayumbisha miguu basi. Yeye anayumba halafu anasahau kwamba alikuwa anataka kufa, anaanza kufurahia hotuba yake mwenyewe, kiisha anakumbuka, anarudia kutisha, na unaona kabisa ni mutoto mukubwa ambaye anajua shangazi atakubali. Na shangazi anakubali! Tena kumbuka kwa nini amefika pale juu, ju Jai alitumwa kwenda kumuposea na akamusifu rafiki yake vile kwamba kamari ni kidogo tu, pombe ni kidogo tu, mpaka shangazi akakataa. Amitabh anaongea bila kutikisa uso, Dharmendra anatoa kila kitu nje, ukimuondoa mmoja mwingine anabaki hana wa kumuchezea.

Halafu ile sarafu. Filme mzima Jai anarusha sarafu kuamua mambo, na kila mara anashinda yeye. Jai akishakufa Veeru anaiokota anaigeuza, pande zote mbili ni sawa, rafiki yake alikuwa anamudanganya ili abaki yeye mahali pa hatari. Hapo Dharmendra hasemi hotuba. Anaitazama, anaitupa kwa hasira. Mutu aliyefanya tanki la maji na sarafu mu filme moja, sasa eti misuli na kelele? Hukumu yangu: Sholay iko na maakteri wawili, na wa kwanza ni wa papa.

Ile sifa ya misuli ilianzia Phool Aur Patthar ya 1966, na Meena Kumari, hapo njo watu walianza kumuita mwanaume wa chuma, na jina likamubakia mpaka kaburini, likafunika yote aliyoyafanya kimya. Mbele ya hapo alikuwa daktari wa gereza mu Bandini ya 1963, ya Bimal Roy, mpole kabisa, na mwaka ule ule wa 1966 alikuwa mwandishi mu Anupama. Chukua zote mbili kama utazipata, papa kama fundi wa zamani atapenda hata nguo tu.

Lakini kwa wadogo zako wewe chukua Chupke Chupke, usikose. Imetoka mwaka ule ule wa Sholay, 1975, tena ni ya Hrishikesh Mukherjee huyo huyo, na mule ndani wako Dharmendra, Amitabh, Sharmila na Jaya. Dharmendra ni profesere wa elimu ya mimea, ameoa, na shemeji ya bibi yake ni mzee anayejiona bingwa wa Kihindi safi, hataki kusikia mutu anachanganya na Kiingereza. Basi profesere anajifanya shofere anaajiriwa kwa huyo mzee, na anamusemesha Kihindi safi kupita kiasi mpaka mzee mwenyewe anachoka. Fikiria shofere wa taksi toka Nyawera mpaka Panzi anakuambia mheshimiwa naomba uketi kwa utulivu, tutawasili punde si punde, njia mzima hivyo, na uso haucheki. Dharmendra hatoi ngumi hata moja, anaua watu kwa sarufi. Na Amitabh mule ni nani? Rafiki ya akteri! Waweke wakae, usiwaambie kitu, wangojee wafike pale wenyewe.

Kitu kimoja cha mwisho kwa papa, maana yeye ni fundi wa nguo. Dharmendra kwa uzuri wote ule na filme zaidi ya 300 hakupata hata siku moja zawadi ya Filmfare, ile ya sinema za India, ya akteri bora. Mwaka 1997 wakamupa ile ya heshima ya maisha yote, na akasimama pale jukwaani akaeleza kwamba mwaka kwa mwaka alikuwa anashonesha suti na kutafuta tai inayopatana nayo, akingojea aitwe, na hakuitwa. Aliyemukabidhi ni Dilip Kumar, na huyo njo mutu ambaye Dharmendra akiwa kijana kule Punjab aliona filme yake akachanganyikiwa, akaamua naye lazima aende Bombay. Maana Dharmendra naye alikuwa na foto yake ya ukutani kama papa. Usiku ule Dilip Kumar akasema akikutana na Mungu atamulalamikia kwa nini hakumupa uzuri wa huyu kijana. Papa akisikia hiyo atataka kadre kubwa zaidi.

SWALI: Yaya, niko Birere, Goma. Nimeona Sholay mara mingi lakini mwisho ni mbili! Moja polisi wanafika Gabbar, shefu wa mabandi, anakamatwa, ingine yule Thakur bila mikono anamuua na viatu. Ni nani alikata, ni hawa wetu wanaouza ao?

JIBU: Wauzaji wetu wana dhambi zao lakini hiyo si yao, kijana. Ramesh Sippy alipiga picha Thakur akimuua Gabbar kwa viatu vya misumari. Lakini ilikuwa 1975, India ilikuwa mu hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa sita, na wakaguzi wa serikali hawakutaka kuona polisi wa zamani anajichukulia sheria mkononi, basi wakalazimika kupiga mwisho mwingine, polisi wanafika. Hiyo njo ilitoka 15 Agosti 1975 na kukaa zaidi ya miaka mitano mu sinema moja ya Bombay, Minerva. Ile ya viatu ilizunguka ku kasete zamani sana, na mwezi wa sita 2025 filme iliyosafishwa upya na mwisho wake wa kwanza ikaonyeshwa Bologna, Italia. Mimi napenda ya viatu. Thakur alitafuta wale vijana wawili, Jai na Veeru, filme mzima ili amupate Gabbar mikononi mwake, halafu polisi aje dakika ya mwisho?

SWALI: Mama wa Kamalondo, Lubumbashi, anauliza: ile sauti tamu ya nyimbo mu filme ni ya Dharmendra mwenyewe? Bwana yangu anasema ndiyo na tumewekeana soda.

JIBU: Mama, bwana analipa soda. Mu filme zile waimbaji walikuwa wengine, akteri anafuatisha midomo tu. Wimbo wa pikipiki wa Sholay, ile ya urafiki, ni Kishore Kumar anaimbia Dharmendra na Manna Dey anaimbia Amitabh, mizike ya R.D. Burman. Pal Pal Dil Ke Paas, ya Blackmail ya 1973, ni Kishore tena. Ile ya fujo anayocheza amelewa mu Pratiggya ni Mohammed Rafi. Bwana akisema hata kucheza alicheza mutu mwingine, hapana, ile miguu mibaya ni ya Dharmendra mwenyewe, soda ya pili iko yako.