Peleti za jiko na peleti za kutandika bandani: nilizichanganya, haya ndo yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kuhusu peleti, vile vipande vidogo vya unga wa mbao uliokandamizwa: utajuaje kwa macho zipi za kuchoma jikoni na zipi za kulalia wanyama, maana umekuta mifuko imechanika stoo na haina maandishi. Kwa macho huwezi, na anayekwambia anaweza basi hajawahi kuzichanganya. Mimi nimezichanganya.

Nina jiko la peleti sebuleni, lile la kupasha nyumba joto, na bandani kuna farasi wawili na sungura kibao. Mwaka mmoja nikajifanya mtu wa mpangilio, nikatafuta mapipa mawili ya plastiki yanayofanana kabisa, nikamimina za jiko huku na za banda kule, mifuko nikaitupa. Wiki mbili mbele watoto wakayahamisha wakifagia na hapo ndo ngoma ikaanza, kila pipa nikifungua ni vipande vilevile vya unene wa milimita 6, urefu kama kucha ya kidole gumba, harufu ya msonobari, rangi ileile ya mbao iliyorandwa jana.

Na zina haki ya kufanana kwa sababu zinatengenezwa kwa njia moja. Unga wa mbao unakaushwa, unasukumwa kwa nguvu kupita kwenye tundu za chuma, msuguano unaleta joto, ile lignini iliyomo kwenye mbao yenyewe inalainika halafu ikipoa inashika kama gundi. Tofauti iko kwenye kile mtengenezaji anachokuahidi. Wa jiko anaahidi joto na majivu kidogo, mfano ukikuta alama ya ubora ya Ulaya, ENplus A1, mfukoni maana yake majivu hayazidi asilimia 0.7 na unyevu hauzidi asilimia 10, na kule Marekani utaona alama ya PFI, ya chama cha watengenezaji wa peleti za kuchoma, ambapo daraja la juu majivu ni mwisho asilimia 1. Huyu hakuahidi chochote kuhusu pua ya sungura wako. Wa banda yeye anaahidi kwamba hakuna gundi wala dawa, vumbi limepunguzwa, zitavunjika upesi zikipata maji, na nyingi zimepitishwa kwenye joto ili kupunguza yale mafuta ya mti yanayosumbua wanyama wadogo. Huyu naye majivu hayamhusu.

Sasa watu watakwambia jaribu kwa maji. Nilijaribu, kijiko kimoja kimoja kutoka kila pipa, glasi mbili, maji ya vuguvugu. Zote zikazama, zote zikavimba, ndani ya robo saa zote zikawa unga umejaa glasi karibu mara tatu ya nilichoweka. Nikabaki nakodoa macho tu. Peleti ya mbao tupu haijui imeandikwa nini mfukoni, ikilowa inavunjika. Kwa hiyo maji hayatenganishi hizi mbili, kazi yake ni kukuonyesha kitu kingine kabisa: ukikuta imekaa nusu saa bado ngumu kama kokoto ujue kuna kilichoongezwa humo, na ikigeuka tope zito la kijivu basi hiyo ni ile ya choo cha paka yenye udongo, isikaribie jiko.

Kipimo kilichonisaidia kidogo ni vidole na chekecheo. Za banda langu zilikuwa laini zaidi, ukibana kwa vidole inakatika bila kelele, za jiko inalia tak! halafu inakatika safi. Nikachekecha na pipa moja likatoa vumbi jingi kuliko jingine. Ila huo ni ushahidi wa mazingira tu, maana mfuko wa jiko uliorushwarushwa njiani nao unakuwa na vumbi vilevile, na kuna za banda ngumu kama misumari.

Halafu kuna moto. Chota peleti za kujaa kiganja kimoja, zichome nje juu ya bati, uweke na makaa machache, usubiri mpaka ziishe kabisa. Mbao tupu inakuachia majivu kidogo mepesi, ukipuliza yanaruka. Ukikuta majivu mengi au vipande vimeshikana kama kioo kilichoyeyuka, hizo huenda ni za majani makavu ya ngano au shayiri, ambazo zinauzwa sana kwa ajili ya mabanda na kwa haraka unaweza kudhani ni mbao. Nilishawahi kuchoma mfuko mmoja wa hizo kwa ubishi wangu tu. Siku ya kwanza safi, siku ya pili kile kikombe cha ndani ya jiko ambamo peleti zinaungulia kimejaa jiwe la majivu, hewa haipiti, kioo cheusi tii, nikashinda na bisibisi nachokonoa huku mke wangu amejifunika blanketi ananiangalia bila kusema neno, afadhali angesema.

Za banda za mbao tupu nazo nimechoma na hazina ubaya huo, joto lilikuwa la kawaida, ila ulaini wake ndo shida, zinasagika njiani, vumbi linajaa chini ya tanki na ile skrubu inayosukuma peleti ikakwama usiku wa manane. Pia soma kitabu cha jiko lako manake wengine wanafuta garantii ukichoma kisichoruhusiwa.

Upande wa pili sasa ndo uwe makini kweli. Jiko likikosea unalisafisha, mnyama ndo tatizo. Peleti za jiko zinaweza kuwa za mchanganyiko wa miti yoyote, mbao ngumu na laini, na kiwanda hakina kosa lolote. Mbao ya mjozi mweusi, ule mti wa Amerika Kaskazini, ikiwa kwenye matandiko farasi anaweza kuumwa kwato ndani ya siku moja tu, zinapata joto, anashindwa hata kukanyaga, na si lazima iwe nyingi. Utaionaje mle ndani ikishasagwa? Huioni. Najua kuna wafugaji wanatandika za jiko miaka yote na wako salama, lakini hao wana mfuko mkononi, wamesoma ni msonobari mtupu na hakuna kilichoongezwa, au wamempigia mtengenezaji wakamuuliza. Wewe hauna mfuko.

Kwa hiyo nilichofanya mimi, baada ya maji na moto kunihakikishia kwamba mapipa yote ni mbao tupu, yote mawili yakaenda jikoni, nikichekecha kila ndoo kabla ya kumimina, na banda likapata mfuko mpya. Farasi sikutaka kumbahatishia. Siku hizi bado natumia mapipa yaleyale ila nikifungua mfuko nakata upande wenye maandishi, naulaza juu ya peleti ndani ya pipa kisha nafunika, kwa sababu mfuniko nao niliwahi kuuandika na watoto wakabadilishana mifuniko.