Jedwali moja, wilaya hadi kitongoji: kwari iliyonitoa jasho

Mkuu, umeuliza kwa kwari gani (swali la SQL kwa hifadhidata) utatoa maeneo yote yaliyo chini ya wilaya ilhali yote yamo kwenye jedwali moja, na kila mstari una mzazi_id tu, yaani namba ya eneo lililo juu yake. Mimi nilipambana nalo hapa Tanga kwenye mfumo wa kuandikisha wakulima na wachuuzi wa machungwa.

Nilianza kama wewe: jedwali nikaliunganisha na lenyewe mara tatu. Wachuuzi wa mjini wakatoka wote, maana mjini ni mkoa, wilaya, kata, mtaa, basi. Kufika Muheza, wakulima hawaonekani! Kule chini ya kata kuna kijiji, na chini ya kijiji kuna kitongoji. Ukiongeza JOIN (muunganisho) ya nne, unamsubiri tu atakayekuja na tarafa.

Dawa ni hii (7 ni id ya wilaya, kina ni idadi ya ngazi kutoka hapo):

WITH RECURSIVE mti AS (
  SELECT id, jina, 0 AS kina FROM maeneo WHERE id = 7
  UNION ALL
  SELECT m.id, m.jina, t.kina + 1
  FROM maeneo m JOIN mti t ON m.mzazi_id = t.id
)
SELECT * FROM mti;

Sehemu ya juu inashika mzizi. Ya chini inarudiwa, kila mzunguko ukileta watoto wa waliopatikana mzunguko uliopita, mpaka wakosekane. Kwenye programu za hifadhidata, PostgreSQL wanayo hii WITH RECURSIVE tangu toleo la 8.4 la 2009, MySQL tangu 8.0 ya 2018. Kama bado uko MySQL 5.7, haina, pole. Na mzazi_id iwekee indeksi, utafutaji uwe wa haraka.

Sasa kilichonilaza macho. Karani alihariri kata moja, akaiwekea mzazi kijiji kilichomo ndani yake yenyewe. Nikianzia wilayani, hakuna kosa lolote: kata na vijiji vyake vimetoweka kimya kimya, kwa kuwa mstari una mzazi mmoja, na duara lile lilishaachana na wilaya. Nikianzia kwenye kata yenyewe, kwari haiishi. MySQL hukata ikipita mizunguko 1000. PostgreSQL haina huruma hiyo. Nikaondoa ALL, nikidhani UNION tupu itachuja marudio. Wapi! Kina kinapanda kila mzunguko, kwa hiyo hakuna mistari miwili inayofanana. Nilipoitoa kolamu ya kina ndipo ikatulia. Ukiihitaji kolamu hiyo, PostgreSQL 14 na kuendelea ina CYCLE id SET duara USING njia, inayogundua duara na kusimama; unaiweka baada ya mabano ya mti.

Siku hizi kabla sijafunga ofisi nahesabu mistari yote ya jedwali, kisha ile inayopatikana nikianzia mkoani. Zikipishana, namtafuta karani.