TB hamna, kikohozi kipo: ulizia kingamwili za misuli

Ukikohoa mfululizo hapa Dar es Salaam, cha kwanza utaambiwa utoe makohozi upimwe TB. Sawa kabisa, toa. Mimi nazungumzia majibu yakirudi safi, antibayotiki zimekwisha, na bado hupandi ngazi za ghorofa moja Kariakoo bila kusimama kutafuta pumzi.

Kwangu ilikuwa myositis, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia misuli na mara nyingine mapafu, na kifua hakikuwa peke yake. Kumsuka mwanangu ilikuwa shughuli, mikono inakataa kukaa juu. Kuinuka kwenye kigoda mpaka nishike ukuta. Na vidole! Ubavu wa kidole cha shahada, ule unaotazamana na gumba, ulikauka, ukapasuka, ukashika weusi kama wa fundi gereji. Mashoga wakasema ni sabuni ya unga. Daktari alipoiona mikono hiyo ndipo akaanza kuniuliza habari za misuli. Kwa hiyo ukienda kwa ajili ya kikohozi, mtajie na mikono, na viungo vinavyouma, na vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi ya AC.

Kuna kingamwili ambazo badala ya kupigana na vimelea hugeukia mwili wenyewe. Inayojulikana zaidi kwenye ugonjwa huu ni Jo-1. Ndugu zake PL-7 na PL-12 mara nyingi huelemea mapafu kuliko misuli, kwa hiyo mtu anabeba ndoo vizuri tu huku mapafu yanaota makovu. Ya kuogopa hasa ni MDA5: mapafu yanaweza kuharibika ndani ya wiki chache, na CK, kipimo cha damu cha misuli, kikasoma kawaida. Mwenye MDA5 pumzi ikianza kubana haendi kupanga foleni ya kliniki ya mwezi ujao, anakwenda hospitali leo.

Usikubali ANA hasi, kipimo cha jumla cha kingamwili zinazogeukia mwili, ifunge mjadala. ANA hutazama zaidi kiini cha seli, wakati Jo-1 na ndugu zake hulenga vimeng'enya vilivyo nje ya kiini, kwa hiyo inaweza kuwakosa. Omba kipimo cha kingamwili za misuli chenyewe. Si kila maabara inacho na bei yake inauma, waulize bima kabla hujatoa damu. Eksirei nayo huweza kupitwa na makovu ya mwanzo. CT ya kifua huyaona vizuri zaidi.

Dawa huwa prednisoloni pamoja na nyingine ya kutuliza kinga, kama azathioprini. Kabla ya kuanza, hakikisha umekaguliwa TB iliyolala na homa ya ini B, maana dawa hizi zinaweza kuviamsha. Mashavu yatajaa. Shemeji yangu alinipongeza kwa kunawiri, nikamwacha afurahi. Lakini prednisoloni haiachwi ghafla: daktari ndiye anayeipunguza, kidogo kidogo, nawe nenda famasi kabla pakiti haijakwisha.